Fenesi la Mkutano wa Reli

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na vikao kama sisi, Mfalme Tembo alitoa amri: reli wala barabara isipite mahali kabla wenyeji hawajaulizwa maoni. Amri nzuri! Lakini kazi ya kuuliza alipewa Kifaru, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kifaru aliitisha mkutano, akagawa mihogo ya moto, akangoja vinywa vijae. Kwa wanyama wale, kusema na chakula mdomoni ilikuwa aibu kubwa. Basi hapo ndipo alipouliza, "Mwenye pingamizi?"

Nyam, nyam, nyam! Wote wanatafuna.

"Kunyamaza ni kukubali!" Imekwisha hiyo. Ndivyo barabara ilivyopita juu ya shimo la Panya Buku, muhogo ukiwa bado shavuni.

Sasa zamu ikamfikia Pimbi, kale kanyama kadogo kasiko na mkia, kanakoishi majabalini. Jabali lake lilitakiwa livunjwe, gari la moshi lipite.

"Baba watoto, vichanga hivi tutavipeleka wapi?" mkewe akalia.

Pimbi moyo ulimdunda, du! du! du! Aliogopa kweli, nisiwadanganye. Akawaza, akawaza, kisha akasema, "Mama watoto, nikatie lile fenesi lenye ulimbo. Mafuta ya kupaka mikono na midomo yaache jikoni."

Siku ya mkutano, Fisi, mtaalamu wa Kifaru, alisimama kifua mbele. "Nimekagua mazingira! Nilifika jabalini mchana wa jua kali, sikuona mtu. Jabali halina wenyeji."

"Tulikuwa ndani tumelala!" Pimbi akapiga kelele. "Ungebisha hodi!"

"Chakula kwanza, maneno baadaye," akanguruma Kifaru. "Gaweni mihogo!"

Pimbi akainama mpaka pua ikagusa vumbi. "Hapana, mzee wangu. Leo mmekuja kwetu, mtakula chetu. Na mkubwa ndiye huanza."

Akasogeza fenesi. Lo, harufu yake! Kifaru mate yakamdondoka, akabugia na maganda yake. Fisi naye, tumbo lake mnalijua, hakungoja kukaribishwa.

"Sisi tungoje," Pimbi akawaambia wenzake. "Adabu jamani! Mkubwa hajamaliza." Hakuna aliyegusa muhogo.

Ulimbo ukashika. Mdomo wa juu ukaung'ang'ania wa chini, na-a-ata!

Pimbi akaruka juu ya jiwe, akamgeukia Kasuku, karani wa mfalme, ambaye kazi yake ni kufikisha neno kama lilivyosemwa.

"Wenzangu! Njia iliyonyooka ni ya bondeni. Imepindishwa ili kulikwepa tope ambamo Mzee Kifaru hugaagaa. Mimi nasema reli ipite topeni! Mwenye pingamizi?"

"Mmmh! Mmmmmh!" Kifaru macho yakamtoka pima.

"Sijasikia neno," akasema Kasuku. "Mtaalamu, wewe je?"

"Mhmmm!" Fisi alikuwa anakwangua midomo kwa kucha zote.

"Kunyamaza ni kukubali!" wanyama wakapaza sauti, na Panya Buku akawashinda wote.

Kasuku huyo, pururuuu, hadi kwa mfalme! Reli ikapita bondeni, katikati ya tope. Hata leo Kifaru akitaka kuoga husimama kando kwanza, akisubiri chuku-chuku-puu ipite, huku Pimbi na wanawe wakiota jua jabalini na kumpungia mkono.

Hadithi yangu imefika kituoni, wanangu, shukeni na neno hili: anayewaziba wenzake midomo, siku yake ikifika hukosa mdomo wa kujitetea.