Nishikie Zamu Yangu

Hapo zamani, na si zamani ya mazimwi, ni zamani hii hii ya simu na mabati, palikuwa na chuo cha ualimu upande wa Singida, kwenye upepo na alizeti. Chuo kilikuwa na timu ya mpira wa kikapu ya wasichana kumi. Timu ilikuwa na kocha mmoja, Mwalimu Ntandu, aliyekuwa akifundisha hisabati. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa anawaza ugali.

Mwalimu Ntandu alikuwa mtu asiyeyumba. Makocha wengine hugawa dakika kwa macho: huyu mzuri acheze, huyu mzito akae. Yeye aligawa kwa hesabu. Mechi ina dakika arobaini, robo nne za dakika kumi kumi. Uwanjani huwa na watano. Arobaini mara tano, mia mbili. Wasichana ni kumi. Basi kila msichana dakika ishirini. Hodari ishirini, goigoi ishirini, anayemwamkia vizuri ishirini, anayemnunia ishirini.

"Hesabu haina mjomba," alisema, akaubandika mgao kwenye mlango wa bwalo.

Msichana mmoja, jina lake Mbula, akanyoosha mkono. Huyu alikuwa mpole, wa mwaka wa mwisho. "Mwalimu, na mtu akipata dharura?"

"Bwenini mtu akipata dharura siku ya zamu yake ya maji, mnafanyaje?"

"Tunashikiana, mwalimu. Mwenzake anamshikia zamu."

"Na baadaye?"

"Aliyeshikiwa hulipa."

"Basi na uwanjani ni hivyo hivyo. Zamu hushikwa, zamu hulipwa."

Wasichana wakapiga makofi. Mwalimu Ntandu akaenda zake akitabasamu, amejiridhisha kabisa. Hakuwauliza kama kumshikia mtu kitu ni kumtunzia au ni kukichukua. Hakuona haja ya kuuliza. Neno lenyewe kila mtu analijua, sivyo? Haya, tuendelee.

Mfungaji bora wa timu alikuwa Eliakunda. Mgao ulimpa robo ya tatu na robo ya nne. Wiki ya pili ya muhula ikaja simu kutoka kwao: mama ameanguka kisimani, amevunjika nyonga, na nyumbani hakuna mtu wa kumgeuza kitandani. Eliakunda akafunga begi. Pale getini akamshika mkono rafiki yake Tatu, ambaye zamu yake ilikuwa robo ya kwanza na ya pili.

"Tatu, nishikie zamu yangu mpaka nirudi."

"Nenda dada, ukamuuguze mama. Nimeshika."

Mwalimu Ntandu alikuwepo. Alisikia kwa masikio yake, akatikisa kichwa kukubali. Zamu hushikwa.

Basi Tatu akawa anacheza mechi nzima. Ishirini zake, ishirini za Eliakunda. Na mwili si chuma, jamani. Asubuhi baada ya mechi ya kwanza aliamka miguu imekaza, na siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kuteka maji, ndoo nne kutoka bomba la bondeni, na ule mlima mnaujua. Akamwendea Mbula.

"Mbula mwenzangu, nishikie zamu ya maji. Si leo tu, muhula mzima. Nikiteka maji sitaweza kucheza."

"Na utanilipaje?"

"Uwanjani. Siku yoyote utakayodai, nitatoka uingie wewe."

"Mbele ya mwalimu?"

Wakaenda mbele ya mwalimu. Mwalimu Ntandu akawasikiliza, akaona sheria yake inafanya kazi kama saa, akafurahi. "Zamu hushikwa, zamu hulipwa," akasema, na wao wakaitikia.

Mbula akateka maji. Siku zake akateka, siku za Tatu akateka. Jua likawaka akateka, upepo ukavuma akateka. Tatu naye akacheza. Mechi ya kwanza akacheza, ya pili akacheza, mpaka ya sita. Mbula alikuwa na dakika zake ishirini kama wengine, akazicheza, akakaa. Hakuwa mfungaji, msimu mzima alifunga vikapu viwili, na kimoja refa alikikataa. Lakini kukaba alijua. Ukikabwa na Mbula hata jasho lako hulifuti kwa raha. Na kwa muda wote ule hakudai kitu.

Wakafika fainali.

Sasa kuna jambo sijawaambia. Uwanja wa chuo ulikuwa wa udongo, na udongo wenyewe ulikuwa mzuri. Mkuu wa chuo, Mama Kisenge, aliutamani miaka mingi. Siku ya kufungua muhula alisema mbele ya chuo kizima: "Miaka minne mnacheza, sijaona kombe. Mkilikosa na mwaka huu, ule uwanja tunalima alizeti." Na Mama Kisenge hakuwa mtu wa mizaha. Jembe la ng'ombe lilikuwa limeshaagizwa. Siku ya fainali aliketi mstari wa mbele, na badala ya kutazama mpira alikuwa akiutazama udongo.

Wapinzani walikuwa wasichana wa chuo cha uuguzi. Walikuwa na binti mmoja mrefu, jezi namba tisa, ambaye alikuwa amefunga karibu nusu ya vikapu vyao. Mchezo ukaenda bega kwa bega. Robo ya kwanza sare. Robo ya pili wauguzi mbele. Robo ya tatu walimu mbele. Robo ya nne ikaliwa, ikaliwa, mpaka zikabaki dakika mbili, na ubao ukasoma arobaini na moja kwa arobaini na moja.

Mwalimu Ntandu akaomba muda. Refa akampa dakika moja. Wasichana wakamzunguka, na yeye akafungua mdomo kuwapanga, hana wasiwasi hata chembe.

"Shikamoo, mwalimu."

Akageuka. Eliakunda. Alikuwa ameshuka kwenye lori la mbao dakika tano tu zilizopita, na tayari alikuwa amevaa viatu na jezi yake.

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Anatembea kwa fimbo, mwalimu. Amenituma nije nicheze. Robo ya nne ni zamu yangu, na zimebaki dakika mbili. Nilimwambia Tatu anishikie mpaka nirudi. Nimerudi. Kushika si kupewa. Ukimshikia mtu mtoto akaenda sokoni, akirudi humwambii sasa ni wako. Na nisidhaniwe kwamba nimelala. Kaka yangu alinipigilia pete ya ndoo ukutani, na kila asubuhi, mama akishakunywa uji, nilitupa mpira mara mia. Mechi inataka kikapu kimoja. Nani hapa anafunga kunishinda?"

Na kweli hakuwepo.

Tatu akajifuta uso kwa jezi. "Dada, karibu, na namshukuru Mungu kwa mama. Lakini dakika hizi ni zangu. Mechi sita na hii ya saba nimezitolea jasho. Uliacha timu haijashinda hata mara moja, umeikuta fainali. Hawa wanne wanajua nikigeuka kushoto pasi inaenda wapi. Wewe miezi mitatu umecheza na ukuta. Mcheza kwao hutuzwa, na kwao ni hapa. Pointi sita za mwisho zile kwenye ubao, nani kazifunga? Ni mimi. Sasa nitoke nikiwa nimeshapata moto?"

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Mwalimu Ntandu alikuwa amemtazama Tatu akikua wiki kwa wiki, na moyoni alijivunia kama baba.

Ndipo Mbula akasimama kutoka benchi. Alikuwa ameshamaliza dakika zake ishirini, na hakuna aliyemtarajia.

"Tatu, leo nadai."

Tatu akamkazia macho. "Leo? Mbula, siku zote zilizopita hukudai?"

"Ulisema siku yoyote. Sikudai mechi ndogo kwa sababu sikuzitaka. Nilijua tutafika hapa, nikaliweka deni langu. Kila Jumatatu, kila Jumatano, kila Ijumaa nimeteka maji yako ndoo nne. Miguu uliyochezea mechi saba ni miguu niliyokupumzishia mimi. Ahadi ni deni, na mwalimu ni shahidi. Tena hamhitaji kikapu kwanza. Mnahitaji yule namba tisa asifunge. Nipeni mimi, hataugusa mpira. Nimemaliza chuo, mwalimu. Wiki ijayo napelekwa kufundisha mahali ambapo hata mpira sijui kama upo. Sina mechi nyingine."

"Mbula," akasema Tatu, "nilikuahidi zamu yangu. Zamu yangu ni robo ya kwanza na ya pili, imeshapita. Hizi nimezishika tu, ni za Eliakunda. Nitakulipaje kwa kitu cha mwenyewe?"

Mmemsikia? Kwa Eliakunda zilikuwa zake. Kwa Mbula hazikuwa zake. Wasichana wakacheka, na Tatu mwenyewe akacheka, kisha akaacha.

"Sawa, nimejifunga mwenyewe," akasema. "Nilikosea kuahidi, na nimekosea kusema hivyo. Mbula, maji yako nimeyanywa na nimeyaogea. Lakini mwalimu, nakuambia kweli yangu: nikitoka mimi sasa, timu itayumba. Nikae nicheze, halafu mniite mdhulumaji."

Nusu dakika ilikuwa imekwisha. Mwalimu Ntandu akasita, kwa mara ya kwanza msimu mzima. Wote watatu walikuwa wamesimama juu ya neno lake, neno lile lile moja. Mmoja alikuja na kushika, mmoja na jasho, mmoja na kulipwa. Lakini yeye alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu haikuwahi kumtupa. Uso wake ukachangamka.

"Dakika mbili ni sekunde mia na ishirini," akasema. "Gawanya kwa tatu. Sekunde arobaini kila mmoja. Refa, naomba mabadiliko matatu."

Refa alikuwa mtu mzima, mtaratibu. "Mwalimu, mabadiliko ni mpira ukisimama. Nikishapuliza, unaweza usisimame mpaka mwisho. Siwezi kuusimamisha kwa ajili ya hesabu zako. Niletee mmoja."

"Na usiposimama?"

"Atakayeingia ndiye atakayemaliza."

Zikabaki sekunde kumi. Wauguzi walikuwa wamesharudi uwanjani. Wasichana wanne wa walimu nao walikuwa wamesharudi, nafasi moja wazi. Mama Kisenge aliinama, akachota udongo kidogo, akausugua kwa vidole.

Mwalimu Ntandu akawatazama. Eliakunda, aliyemgeuza mama yake kitandani miezi mitatu na bado hakuacha kutupa mpira. Tatu, aliyebeba mizigo ya watu wawili mpaka hapa. Mbula, aliyepanda ule mlima wakati wenzake wamelala. Aliwapenda wote watatu, na hilo liliuma. Akajua kwamba ule mgao wa mlangoni hautamsaidia, na kwamba yeyote atakayemtaja, wawili watakwenda kuketi wakiwa na haki mkononi. Lakini hakuyumba. Alijinyoosha, akavuta pumzi, akataja jina moja, kwa sauti ya mtu anayesoma jibu ubaoni.

Mmoja akaingia. Wawili wakakaa. Hakuna aliyelia, na hakuna aliyemnunia mwenzake. Refa akapuliza, na kweli mpira haukusimama tena mpaka mwisho.

Mnataka jina? Sitoi. Mnataka kujua nani alishinda? Hilo nalo sitoi, maana nikiwaambia mtamchagua kwa matokeo, na Mwalimu Ntandu hakuwa na matokeo mkononi. Alikuwa na sekunde kumi na wasichana watatu.

Sasa simameni ninyi pale aliposimama. Yule aliyesema nishikie, yule aliyeshika, na yule aliyemshikia aliyeshika. Watazameni usoni wale wawili mnaowarudisha benchi, muwape sababu wanayoweza kuondoka nayo. Kisha mniambie: zile dakika mbili, nani alistahili?