Kisima Kilichopigwa Vema

Mpima kisima akinyamaza, sumu ni yake. Ndivyo wanavyosema watu wa Isunya, na ninyi wanafunzi, wapangaji wangu, mmeisikia leo kwa mara ya kwanza, tena mmeisikia vibaya, maana mmerudi na madodoso matupu na nyuso zimewashuka. Mmekwenda kuwahoji wanawake kwenye foleni ya maji, wakawatupia methali badala ya majibu, mkadhani mmetukanwa. Hamkutukanwa. Kaeni hapo kwenye mkeka, chai ipo, niwaambie ilikotoka.

Methali hii hatukuachiwa na wahenga. Aliyeisema kwanza namjua kwa jina na kwa sura, na siku ilipozaliwa nilikuwepo, nimeshika sinia la sambusa. Ilianza hivi.

Chuo kikuu kilipokuja hapa hakikukuta pori, ingawa kitabu chake cha historia kinasema pori. Kilikuta mashamba ya uwele ya watu. Wenye mashamba waliitwa na mkurugenzi wa mji wakaambiwa: toeni ardhi, chuo ni chenu, kitawaletea maendeleo mpaka mlangoni. Wakatoa. Mzee Mkhoi, baba yake jirani yangu Tatu, alitoa ekari saba na mbuzi akawachinjia wageni. Chuo kikamshukuru, kisha kikajenga ukuta. Sisi wenyeji tukapata kazi za kulinda geti na kufagia. Mimi nikapata jikoni.

Mwaka wa tatu akatoka ndani ya ukuta daktari mmoja wa mambo ya maji, Kaijage jina lake, na wanafunzi wake. Walikuwa na vichupa, kamba na madaftari. Wakapima visima vyote vya mji, thelathini na kimoja. Walikuwa na adabu, sitawasingizia. Waliamkia wazee, walivua viatu mlangoni. Wakauliza maswali: mnachota wapi, mnakunywa vikombe vingapi, watoto wafungue midomo tuone meno. Tatu alikaa nao saa mbili nzima akijibu huku ananyonyesha. Mwanawe Mwasiti alikuwa na miezi kumi na moja.

Baada ya wiki chache walirudi wanafunzi wawili na kopo la rangi nyekundu. Wakachagua visima tisa, wakachora kwenye ukingo wa kila kimoja alama ya vema. Wakaondoka bila kusema neno.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ilipoharibika. Nyumba ikipigwa X hapa mjini, mwenyewe anajua ajiandae kubomolewa. Hesabu ikipigwa X kwenye daftari, mtoto anajua amekosa. Na vema? Vema ni umepata. Hakuna mtu Isunya, aliyesoma na asiyesoma, ambaye hajui hilo. Lakini Tatu alikuwa mtu wa uhakika, akaja kuniuliza mimi niliyekuwa nafanya kazi chuoni.

"Dada Hadija, zile alama za visimani maana yake nini?"

Nikamjibu bila kumuuliza mtu yeyote. Nilikuwa na kiburi cha kitambulisho shingoni. "Vema ni vema, mdogo wangu. Wamepima, yamepita."

Basi Tatu akakiacha kisima cha nyuma ya nyumba yake, ambacho hakikuwa na alama, akawa anapanda mpaka kisima cha Kwa Mtuko, mwendo wa nusu saa na ndoo kichwani, kwa sababu kule kulikuwa na vema. Si yeye peke yake. Nusu ya mji ilihamia kwenye visima tisa. Tatu alichota asubuhi na jioni, akachemsha kama kliniki walivyomfundisha, akamnywesha mwanawe. Mama gani angefanya zaidi ya hapo?

Mwasiti alipofika miaka minne, magoti yakaanza kwenda nje. Zahanati wakasema ni matege, mpe dagaa, mtoe juani. Akampa dagaa, akamtoa juani. Akafika sita, meno ya utoto yakang'oka, yaliyoota yakawa ya kahawia, yamechimbika. Watoto wenzake wakamwita Kutu. Tatu akazidi kumnywesha maji ya Kwa Mtuko, akiamini kwamba angalau maji ni salama. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo. Kila alipoongeza mapenzi, aliongeza kikombe.

Na Daktari Kaijage? Alikuwa akija kila mwaka. Anashuka na vichupa, anapima visima vyake tisa, anatusalimu, anapanda kurudi. Akawa Profesa Kaijage. Tulimpigia vigelegele.

Mwaka wa kumi chuo kikafanya sherehe. Kitambaa kilitundikwa getini: Miaka Kumi ya Ushirikiano wa Chuo na Mji. Ushirikiano gani? Hatukuulizwa. Tulipopokwa ardhi tuliitwa wananchi, na siku ya kupiga makofi tukaitwa wadau. Tatu alialikwa kama mdau, kwa heshima ya ekari saba za marehemu baba yake. Alikuja na mimba ya miezi saba na doti ya khanga waliyogawiwa.

Ndani ya ukumbi walipanga mabango ya kazi zao. Siku zote mabango yale yalikuwa ya Kiingereza. Siku hiyo, kwa kuwa mkuu wa mkoa angepita kuyatazama, waliyaandika Kiswahili. Ni mkuu wa mkoa aliyetafsiriwa, si sisi. Sisi tulibahatika kupita nyuma yake.

Bango moja lilikuwa na ramani ya mji. Msikiti upo, soko lipo, machinjio yapo, na vema tisa nyekundu. Tatu alikuwa na darasa la saba, alisoma polepole na kidole. Nilikuwa karibu yake na sinia langu, nikaona kidole kimesimama. Chini ya ramani palikuwa pameandikwa: "Visima vyenye floridi iliyozidi kiwango. Havifai kwa kunywa. Huharibu meno na mifupa ya watoto. Kuchemsha hakusaidii." Mbele ya maneno hayo palikuwa na vema.

Hakupiga kelele. Alimwendea profesa, aliyekuwa amesimama na mkurugenzi wa mji.

"Shikamoo, profesa."

"Marahaba, mama. Karibu, karibu."

"Hii vema ya juu ni ya Kwa Mtuko?"

"Ndiyo hasa. Unaisoma ramani vizuri."

"Na haya maandishi ya chini ni yake?"

"Ni yake na vile vingine vinane."

"Mlijua lini?"

Profesa hakuwa mwongo, hilo nalo nalisema. "Majibu ya kwanza yalitoka ule mwaka tulioanza."

"Kabla ya kupiga rangi au baada?"

"Kabla. Rangi ilikuwa ya kututambulisha sisi wenyewe, visima vya kurudi kuchukua sampuli."

"Mwalimu, wewe ulisoma shule gani, ambako vema maana yake ni hatari?"

Profesa alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. "Mama, sisi tulichapisha. Majarida matatu ya nje. Nakala zipo maktaba yetu, kila mtu anaweza kusoma."

"Maktaba hii ya ndani ya ukuta?"

"Na ripoti tuliipeleka mjini, ofisini kwa mkurugenzi."

Mkurugenzi akakohoa. Ripoti aliipokea, alisema, kurasa mia mbili za Kiingereza, akaiweka kabatini akisubiri chuo kije kuifafanua. Chuo nacho, kumbe, kilikuwa kikisubiri mji uulize. Miaka saba walisubiriana kwa adabu namna hiyo, na watoto wanakunywa.

Profesa akaona macho ya watu yamemzunguka, akajaribu kujitetea. "Lakini mama tuelewane. Ile sumu hatukuitia sisi. Ni ya miamba. Ilikuwepo kabla chuo hakijazaliwa."

Tatu akashika tumbo lake kwa mikono miwili. "Sawa. Kabla hujapima ilikuwa ya miamba. Ulipopima ukanyamaza, ikawa yako."

Ukumbi mzima ulisikia. Mimi nikaweka sinia chini kwa hasira, na sehemu ya hasira ile ilikuwa yangu mimi juu yangu mimi. Nikasema kwa sauti, "Na maji ya chai hii mnayokunywa yanaletwa na gari la boza. Miaka yote niliyopika humu, hakuna mgeni aliyepikiwa maji ya Kwa Mtuko." Kesho yake niliambiwa nisirudi kazini. Sikujutia.

Jioni ile ile wanawake tulitoka na rangi yetu. Tulipita kisima kwa kisima, tukapiga X juu ya kila vema. Mwanafunzi aliyekuja na dodoso wiki iliyofuata alikuta midomo imefungwa Isunya nzima. Akiuliza jina, kimya. Akiuliza umri, kimya. Kazi zao zikakwama, tena zilikwama mpaka wale wa ng'ambo wanaowafadhili wakaanza kuuliza kulikoni.

Ndipo chuo na mji walipoketi meza moja, na safari hii Tatu alikuwa mezani. Wakafunga sharti ambalo lipo hadi leo: jibu lolote la kipimo lisomwe kwanza pale pale kilipopimwa kitu, kwa Kiswahili, mbele ya wenye nacho, ndipo liandikwe kwingine. Halafu kazi ikafanyika. Chuo kilijua kwamba mkaa wa mifupa unaichuja floridi. Mji ulikuwa na machinjio na mifupa inayotupiwa mbwa. Imamu akauliza mifupa ni ya mnyama gani na kachinjwa na nani, akajibiwa, akaridhika. Wahandisi wa chuo wakajenga tanuri, vijana wa machinjio wakalichochea, na kila nyumba ikapata ndoo ya kuchuja. Kumbe ilikuwa kazi ya miezi minne. Miezi minne tu, wanangu, na waliijua kwa miaka saba. Ushirikiano wenyewe ulianza baada ya kitambaa cha ushirikiano kushushwa.

Mtoto aliyekuwa tumboni alizaliwa wa kiume, Shabani. Miguu yake imenyooka, meno meupe. Watu wakimtazama husema mambo yaliisha vizuri. Mimi sisemi hivyo, maana namtazama na dada yake.

Siku moja profesa alikuja mwenyewe nyumbani kwa Tatu na karatasi ya majibu ya ndoo, kama sharti lilivyotaka. Nilikuwepo, tunachambua mboga. Akasoma: maji ya ndoo hii yako salama. Mwasiti alikuwa mlangoni, ana miaka tisa, amesimama kwa namna yake ile ya magoti kutazama nje. Akamuuliza mama yake swali ambalo nadhani alikuwa nalo siku nyingi.

"Mama, maji ya kisima cha hapa nyuma ya nyumba nayo yalikuwa mabaya?"

Tatu akamgeukia profesa. "Mwambie wewe."

Profesa akachutama ili uso wake ulingane na wa mtoto. "Hapana," akasema. "Yale yalikuwa mazuri. Hayakuzidi kiwango hata kidogo."

"Sasa kwa nini Mama alikwenda Kwa Mtuko?"

"Kwa sababu ya alama tuliyoiweka sisi."

"Ulikuwa hujui?"

Yule bwana aliyezoea kusema saa nzima mbele ya watu mia tatu alitazama ile miguu, kisha akatazama chini.

"Nilijua," akasema.

Mwasiti akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, taratibu, anavyoweza. Tatu akaendelea kuchambua mboga, machozi yanadondokea kwenye ungo, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Basi ndiyo hiyo. Wale wanawake wa foleni waliwadai tu ahadi kwamba majibu mtawasomea wao kwanza. Aliyeuliza alikuwa mtoto wa miaka tisa, na aliyejibu alijibu kweli, miaka minane ikiwa imeshapita: mpima kisima akinyamaza, sumu ni yake.