Mtama wa Kiboko Ulionyamaza

Chungu kipo jikoni?

Kipo.

Kina nini?

Kina hadithi.

Imeiva?

Funua tuonje.

Haya, nafunua. Atakayekohoa kabla sijamaliza, wake ni ukoko.

Hapo zamani, siyo zamani sana, zamani ya juzi juzi, Kiboko alikuwa na shamba la mtama kando ya mto. Shamba kubwa, ukisimama huku huoni kule. Kulima hakulima yeye. Walilima wanyama wote, yeye amekaa majini, macho na pua tu ndiyo viko nje, anasema limeni pale, mmeruka pale.

Sasa mtama ukianza kukaza punje, ndege wanakuja, wale kwelea wa makundi. Kwa hiyo katikati ya shamba kulikuwa na dungu, kile kichanja kirefu anachokaa mtu wa kuamia, kuwafukuza ndege. Kila mnyama alikuwa na siku yake. Anapanda dunguni, anapiga debe, anarusha udongo, anapayuka tangu asubuhi mpaka jua linazama. Na desturi yetu mnaijua, anayeamia anakula. Anakata masuke mawili matatu, anachoma pale pale chini ya dungu, hakuna wa kumuuliza. Hata Fukusi, yule mdudu mdogo mwenye pua kama sindano, alikuwa na siku yake. Sauti hana, debe haliwezi. Lakini alipanda, akakaa, akakunja uso. Kwelea wakamwonea huruma, wakaenda kwingine.

Basi Kiboko ilikuwa inamuuma. Yeye anakula gunia asubuhi, gunia jioni, na katikati anaonja onja. Lakini akimwona Panya anachoma suke moja, anamhesabia punje. Alikuwa kama wifi yangu mmoja, simtaji, yuko hai na mtoto wake amekaa hapo, ambaye alikuwa akiangalia mkono wa kila mtu kwenye sahani mpaka watu wanashiba macho yake.

Akamwendea Nungunungu. Nungunungu alikuwa fundi wa mbegu, amesomea mbali, hata salamu alikuwa anaitika polepole. Miiba ya mgongoni ndiyo sindano zake. Kiboko akamweleza kwamba anataka shamba linalojilinda lenyewe, asiwepo wa kukaa dunguni, asiwepo wa kula.

Nungunungu akafikiri, akajikuna kwa uangalifu. Akaenda kwa Kanga, yule ndege wa madoadoa, ambaye jani likianguka tu anapiga yowe, kijiji kizima kinatoka na magongo. Akachukua yowe la Kanga, siyo lote, kipande kidogo sana, macho hayakioni. Wajukuu zangu waliosoma wana jina lake. Mimi naliita neno. Akalitia kwenye ncha ya mwiba, akachoma mbegu ya mtama, chwi. Mbegu moja, neno moja. Chwi, chwi, chwi, mpaka gunia likaisha.

Mtama ukaota, ukazaa. Kwelea akatua, akadonoa. Punje ikapayuka:

"Mwizi, mwizi, kwe kwe kwe."

Maji bwaa. Kiboko huyo, mdomo wazi kama mlango wa banda. Kwelea akaacha manyoya matatu.

Akaja Panya, akagusa suke. Mwizi, mwizi, kwe kwe kwe. Maji bwaa. Panya akaacha nusu ya mkia.

Hapo Kiboko akawafukuza waamiaji wote. Kila mtu akarudi kwake na debe lake na njaa yake.

Wakati huo Fukusi alikuwa mjamzito. Ana mayai arobaini, na siku zimefika. Na fukusi hazai popote tu. Anatoboa punje, anataga yai moja, anaziba, anahamia punje nyingine. Mtoto anakulia humo humo, ukuta wa nyumba ndiyo uji wake. Bila punje arobaini hakuna watoto arobaini. Akitaga chini, sisimizi wamefuturu.

Akaenda shambani. Akatoboa, kri kri kri. Mwizi, mwizi, kwe kwe kwe. Maji bwaa. Fukusi akaanguka chali, akajifanya maiti. Kiboko akamnusa, akaona huyu hata kumkanyaga ni kujichosha, akarudi majini.

Kesho yake akaenda tena. Kri kri kri. Mwizi, mwizi, kwe kwe kwe. Maji bwaa. Akafa tena.

Siku ya tatu alikufa hata kabla ya kutoboa.

Basi akakaza miguu yote sita, akayabana mayai yake. Mavuno yakapita, ghala likajaa, na humo ghalani nako ukigusa punje, yowe. Fukusi amebana. Anatembea upande upande, akiulizwa anaumwa nini anasema mgongo. Ila akili haikubana. Fukusi amezaliwa ndani ya mbegu, amekulia ndani ya mbegu, anaijua mbegu kama mimi ninavyoujua ukoo huu. Msimu wa kupanda ulipokaribia, akaenda mtoni.

"Shikamoo, Bwana mkubwa."

"Marahaba. Nani anaongea?"

"Mimi, hapa kwenye jani. Wadogo wenzangu wamenituma nije kukushukuru."

"Mnanishukuru nini?"

"Kutia neno moja tu kila mbegu. Ungetia mawili, sisi tungekuwa tumekwisha. Una moyo mzuri wewe."

Kiboko tangu azaliwe hajaambiwa ana moyo mzuri. Ikamtia wasiwasi. Akamwita Nungunungu pale pale, akasema ongeza, yawe mawili. Chwi, chwi, gunia zima.

Kesho Fukusi huyo, amejipaka mate machoni.

"Bwana mkubwa, mawili tutajikaza. Tunakuomba tu usifike kumi."

"Fundi, tia kumi."

Nungunungu akasema kwa adabu kwamba kumi ni mengi, kwamba huko alikosomea hawakufika kumi. Kiboko akamuuliza shamba ni la nani. Fundi akainama, chwi chwi chwi chwi, mpaka jasho.

Siku ya tatu Fukusi alikuja na kifurushi kichwani.

"Leo unaomba nini?" Kiboko akamuuliza. Alikuwa anafurahi mpaka masikio yanacheza.

"Siombi, nimekuja kuaga. Tunahama. Ila huko njiani watu wanabishana. Wengine wanasema fundi wako anaweza kufika arobaini. Wengi wanasema hawezi, kumi ndiyo mwisho wake."

"Nani anasema siwezi?" Hapo aliyeuliza hakuwa Kiboko, alikuwa Nungunungu mwenyewe, amesimamisha miiba.

Akatia arobaini. Neno lile lile, mbegu ile ile, mara arobaini. Alipomaliza gunia, mgongo wake ulikuwa mweupe, hauna mwiba hata mmoja, kama kuku wa harusi.

Wakapanda. Mvua ikanyesha. Mtama ukachomoza majani mawili tu, na hapo hapo ukaanza. Umande ukidondoka, mwizi, mwizi. Upepo ukipita, mwizi, mwizi. Kiboko akipita mwenyewe kuangalia shamba lake, mwizi, mwizi, kwe kwe kwe. Shina moja mara arobaini, piga kwa shamba zima. Siku tatu Kiboko alisinzia kwa raha, anasema sasa hii ndiyo kazi. Siku ya nne kichwa kikaanza kumgonga. Ya tano akajiziba masikio kwa tope.

Alipokuja kutoa lile tope, mtama ulikuwa umezaa na bonde zima lilikuwa kimya.

Kwelea akatua, akadonoa. Kimya. Mwenyewe akaogopa, akaruka, akaenda kuwaita shangazi zake. Wakaja wote, wakala, wakaulizana habari za nyumbani. Kimya.

Kiboko akawakuta. Akashika shina, akalitikisa. "Sema."

Mtama hausemi.

Akang'ata suke mwenyewe, labda utamtambua. Hausemi. Akamwita Nungunungu, ambaye wakati huo miiba ilikuwa inaanza kumwota kidogo na inamwasha. Fundi akapasua punje, akachungulia.

"Neno limo?" Kiboko akauliza.

"Limo."

"Yote arobaini?"

"Yote arobaini, hakuna lililopungua hata moja."

"Mbona halisemi?"

"Mbegu imelifunga, Bwana. Ukiitia neno moja, inalisema. Ukiitia lile lile mara arobaini, inaona hii siyo habari tena, hii ni kero. Inalifungia ndani, haligusi."

"Lifungue basi."

"Mimi nimesomea kutia," Nungunungu akasema. "Kufungua sikusomea."

Msimcheke. Hilo mimi nimeliona hapa hapa nyumbani. Mama mkwe wa Mwanahawa alikuwa anamwambia Mwanahawa kila asubuhi, umeacha moto, umeacha moto. Miaka saba, moto haujaachwa hata siku moja. Mwaka wa nane jiko kweli likashika, bibi wa watu anapiga kelele umeacha moto, na Mwanahawa amekaa ukumbini anasuka ukili, anaitika, ndiyo mama, ndiyo mama. Mpaka paa likaja kukaa naye.

Tuyaache hayo, yana wenyewe. Fukusi aliposikia kimya, hakungoja kuambiwa. Alikwenda mbio, upande upande. Kri kri kri, pu. Yai la kwanza. Akatulia, akasikiliza. Kimya. Kri kri kri, pu. Kri kri kri, pu. Shina hili, shina lile, mpaka la arobaini. Alipoziba tundu la mwisho alinyoosha mguu mmoja, akanyoosha wa pili, akaendelea hivyo mpaka wa sita, akalala pale pale juu ya suke siku mbili.

Kiboko hakukubali. Mwaka uliofuata akapanda mbegu za mtama ule ule, akisema hasira zitakuwa zimeisha. Wapi. Mtoto wa mtama naye kimya, na hakuna aliyemwambia anyamaze, amezaliwa hivyo. Kama sisi na wale wa ng'ambo ya kisima. Walioanza kununiana wamekufa wote, hakuna anayejua walinuniana nini, na salamu hatupeani.

Ikabidi Kiboko aamie mwenyewe. Akapanda dunguni, kracha, akashuka na dungu. Basi akakaa pale chini, juu ya vile vijiti, akaanza:

"Mwizi, mwizi, kwe kwe kwe."

Siku ya kwanza wanyama walikimbia. Siku ya pili walitembea haraka. Siku ya tatu Panya aligeuka tu akamwambia tumekusikia, Bwana mkubwa. Mwisho wa wiki walikuwa wanakata masuke, wanachoma pembeni yake, na moto wanawasha kwa vijiti vya lile dungu, wanamwomba asogeze mguu kidogo.

Watoto wa Fukusi wa msimu huo wakatoka kwenye punje zao, wote arobaini, pua nyembamba kama za mama yao. Na tangu hawajatoka, kila mchana walikuwa wanasikia mwizi, mwizi, kwe kwe kwe. Wao walijua huo ndiyo wimbo wa kulalia.

Siku moja Kiboko sauti ikamkauka. Mchana ukafika, kimya. Fukusi akaja, akapanda kwenye jani.

"Shikamoo, Bwana mkubwa."

"Marahaba," Kiboko akasema, kwa shida.

"Samahani kukusumbua. Watoto wamekataa kulala. Tunaomba hata mara mbili tu."

Kiboko akaangalia mto. Akaangalia shamba. Akaangalia wale arobaini wamepanga foleni kwenye shina, macho makavu.

"Mwizi, mwizi," akasema polepole.

"Na ile ya mwisho, Bwana. Bila hiyo hawafumbi macho."

"Kwe kwe kwe."

Wote arobaini wakalala.

Hapo ndipo maji ya hadithi yalipokatika, na mimi nikavuka kwa miguu. Aliyeelewa ameelewa, ambaye hakuelewa aulize aliyelala.

Na hadithi hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba ukitaka mtu akusikie, mwambie neno lile lile mara arobaini, atatii tu. Nyie mliokaa mlangoni, nimewaambia tokeni mlangoni, watu wapite. Tokeni mlangoni. Nimesema tokeni mlangoni. Tokeni mlangoni.

Mnaona wanavyonisikia.