Kufuli la Asumini

Sogeeni, nami niwape fundo mlifungue. Huko Lindi walikuwapo wanawake watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Zuwena alijaliwa kumbukumbu: wimbo aliousikia mara moja haukumtoka. Salha alijua kurekodi, hata pumzi ya mwimbaji ikasikika. Asumini alijua kutengeneza tovuti. Lakini Asumini hakuchezwa unyago. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na baba, mbali.

Kungwi wao, Bi Somoe, alipozidiwa na uzee aliwaita. "Nyimbo zangu zihifadhiwe. Ila asiyechezwa asizisikie."

Zuwena akaimba nyimbo thelathini, hata zile ambazo kungwi mwenyewe alikwishazisahau.

Salha akazirekodi siku saba nyumbani kwa kungwi, madirisha yamefungwa.

Asumini akasubiri barazani. Vicheko vilimfikia, maneno hayakumfikia. Kisha akaziweka nyimbo kwenye tovuti: picha za ngoma azione yeyote, faili za nyimbo zifunguke kwa walioandikishwa tu. Akaandika majina arobaini ya waliochezwa. Lake hakuliandika. Nyimbo alizijua kwa urefu: huu dakika nne, ule sita.

"Ufunguo si unao, shoga?" Salha alimtania. "Ukisikiliza, nani atajua?"

"Mimi."

Masika yale mafuriko yakachukua vyombo vyote vya Salha vya kurekodia. Maradhi ya koo yakamkausha Zuwena sauti. Mwenye ukumbi mmoja wa dansi akazinyemelea nyimbo tovutini, awapigie walevi wake. Akakuta kufuli, akarudi mikono mitupu.

Bi Somoe akafariki, akaacha wosia: "Msondo wangu, ngoma ya unyago, apewe aliyeziokoa nyimbo." Na mwenye msondo huketi katikati ya wanawake, milango ikifungwa, yeye yumo.

Waliochezwa wakakutana ndani, nyumbani kwa marehemu.

"Bila mimi Salha angerekodi kimya," Zuwena alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Na bila mimi zingekauka na koo lako, dada."

"Na Asumini?" mmoja akauliza. "Bila yeye zingekuwa ukumbini sasa hivi."

"Asiyechezwa haushiki msondo."

"Basi tumcheze!"

"Mwali wa miaka arobaini na mbili?" Wakacheka.

Asumini alikuwa palepale barazani, mgongo ukutani. Alisikia kicheko, akasikia kimya. Ndani, mtu akaugusa msondo kwa vidole, mara moja tu. Mlango haujafunguliwa bado.

Enyi mlionisikiliza: msondo huo mngeuweka mikononi mwa nani?