Mihuri Saba na Kamba ya Kitanda

Mwenye kahawa na aiweke chini, na mwenye neno na alimeze kwanza, nipate kuwaeleza habari za Sultani Shamsudini bin Ghalibu, aliyetawala mji wa Rasi Marijani zama zile majini walipokuwa hawajaona haya kukaa na watu. Sultani huyu alikuwa na pete ya akiki, na kwa pete hiyo alimtiisha jini aitwaye Kaimunu, mwenye kimo cha minara mitatu na mikono isiyo idadi, na jini huyo akawa ndiye mteka maji, na mzima moto, na mwinua mawe, na mchimba visima wa mji mzima, na raia wakakaa barazani wakijipepea.

Wala msimwonee Sultani mkadhani alifanya haya kwa kiburi. Mchimba visima mmoja, Mzee Kombo, alifukiwa na mchanga akafa, na Sultani akalia mbele ya jeneza mpaka ncha ya kilemba ikalowa, akaapa kwamba katika ufalme wake hakuna tena mja atakayehatarisha roho yake kwa kazi iliyo ndani ya uwezo wa jini. Akapiga marufuku kushuka kisimani, na hata kuweka kamba ya kisima nyumbani. Lakini kwa kuwa alimwogopa jini wake kuliko alivyokiri, alimfunga kwa sharti, kwamba asinyanyue hata kidole ila kwa hati yenye mihuri saba, sita ya mawaziri na wa saba wake mwenyewe. Na hati hizo zilipelekwa huku na huku na matarishi wa Diwani ya Faraja, afisi iliyopokea shida za raia.

Mmoja wa matarishi hao alikuwa Mahfudhi, mwana wa yule Mzee Kombo. Kijana huyu aliipenda amri ile kuliko hata aliyeitoa, kwa maana tangu siku aliyomwona baba yake akifukuliwa, hakuthubutu kukaribia kisima. Watu walipomlalamikia kwamba hati zao zimekawia, aliwajibu kwa upole, "Subirini, jambo lenu lipo njiani," naye aliyasema hayo akiyaamini.

Ikawa Jumatano moja, baada ya adhuhuri, Shufaa binti Haji, mchumba wa Mahfudhi, alipita kando ya kisima cha mtaa wa Kichangani na kasuku wake begani. Ukingo wa kisima, ambao hapana mtu aliyeutazama kwa miaka saba, ukamomonyoka, naye akaanguka nao. Mungu alimsitiri hakufa, ila jiwe zito lilimlalia mguu, akawa amesimama chini huko kwa mguu mmoja, hawezi kwenda huku wala huku. Na visima vya mji huo vimeshikana na bahari, bahari ikijaa navyo hujaa, na siku ile yalikuwa maji ya bamvua, bahari inapojaa kuliko siku zote. Kufika alasiri maji yangempita kichwa, na kila mtu mtaani aliijua hesabu hiyo.

Mahfudhi alipopata habari hakukimbilia kisimani. Alikimbilia Diwani, akaandika hati, akaanza kuizungusha. Muhuri wa kwanza na wa pili aliipata upesi, maana mawaziri wale walikuwa watu wema. Waziri wa tatu alikuwa mezani, ikabidi anawe mikono, na alinawa kidole kimoja kimoja. Hapo kasuku akaingia dirishani, akasema kwa sauti ya Shufaa hasa, "Mahfudhi, maji yamefika magotini."

Waziri wa nne alitaka jina la babu wa Shufaa liandikwe kabla ya jina la mtaa, na hati ikaandikwa upya. Wa tano alikuwa msibani, akafuatwa huko huko. Kasuku akaja tena, manyoya yamelowa. "Mahfudhi, maji yapo kiunoni, na ni ya baridi. Unakuja?"

"Nakuja!" Mahfudhi akamwambia ndege, na watu njiani wakamtazama. Akamkimbilia wa sita, Khalfani, Waziri wa Tahadhari, akaanguka miguuni pake.

"Inuka, mwanangu, nakuhurumia," akasema waziri. "Lakini umesahau mwaka jana? Tulimwandikia Kaimunu alete jiwe la kizingiti, akaleta nyumba nzima na wenyewe ndani wanakula. Tusipotaja kina cha kisima kwa pima na shibiri, ataing'oa Kichangani yote. Kina chake ni pima ngapi?"

"Nane, nadhani, bwana wangu."

"Kudhani hakupigwi muhuri. Na aende mpimaji."

"Mpimaji ni nani?"

Waziri akafungua daftari la mafundi wa mji, akapekua, na kidole chake kikasita. "Ameandikwa hapa Kombo wa Kichangani."

"Huyo ni baba yangu. Yuko kaburini mwaka wa saba."

"Na aliyeshika nafasi yake?"

"Hakuna, bwana wangu. Kushuka kisimani ni marufuku."

Waziri Khalfani, ambaye hakuwa mtu mbaya, akalitazama daftari, akamtazama Mahfudhi, na rangi ikamtoka usoni. Kisha akashika kalamu, maana hakujua kushika kitu kingine. "Basi tuandike kwanza hati ya kuomba mpimaji," akasema kwa sauti ndogo.

Mahfudhi akatoka uani, na hapo ndipo Kaimunu alipokuwa ameketi, magoti yake yamepita paa za kasri. Kijana akamrushia hati yenye mihuri mitano, akalia, "Mtoe! Nakuomba kwa aliyekuumba, mtoe!"

Jini akainamisha kichwa, na machozi yake yakajaza birika la ua. "Ewe mwanadamu, namsikia anavyotweta. Ningemtoa kabla hujapepesa jicho. Mikono ninayo mingi, ruhusa sina hata moja, nami nimefungwa kwa sharti nisiloweza kulivunja. Usinililie mimi."

"Nimlilie nani basi?"

Jini akageuza macho upande wa Kichangani. Kasuku akatua begani pa Mahfudhi, na safari hii alinong'ona: "Maji yapo kifuani. Mwambie mama asije kutazama."

Hapo Mahfudhi akaiacha hati pale pale chini, akakimbia kwao, akamkuta mama yake, Bi Asiya, amekaa kitandani. "Mama, kamba ya baba uliichoma?"

"Kamba ya baba yako niichome?" akasema Bi Asiya. "Nilikiwamba kitanda chako kwayo. Umeilalia miaka saba, wewe na muhuri wako."

Wakakifumua kitanda, mama kwa meno na mwana kwa kisu. Lakini kamba ilipofikishwa kisimani ilikuwa fupi, na watu wamesimama wanalia, kila mmoja anamngoja jini atokee. "Leteni kamba za vitanda!" Mahfudhi akapiga kelele. Watu wakatazamana, wakaogopa kufungwa. Wa kwanza kugeuka alikuwa mke wa kadhi mwenyewe, akarudi amekumbatia kamba za kitanda cha kadhi, na baada yake Kichangani nzima ikafumua vitanda vyake.

Hofu ilimshika Mahfudhi pale ukingoni kama siku zote, wala sitawadanganya kwamba ilimwacha. Alishuka nayo. Mgongo ukutani, miguu ukutani, kama alivyomwona baba yake akishuka, na mchanga ukimdondokea shingoni, na kila punje ikimwambia habari za Mzee Kombo. Chini alimkuta Shufaa ameinua kidevu, maji yanamgusa midomo.

"Umekuja na hati?" akauliza Shufaa, akitetemeka.

"Sina."

"Afadhali. Ingelowa."

Mahfudhi akavuta pumzi, akazama. Akalipapasa jiwe gizani, akalipitishia kamba, akafunga fundo alilofundishwa utotoni, likafyatuka. Akalifunga tena, kifua kinataka kupasuka, likashika. Akaivuta kamba mara tatu. Juu, mtaa mzima ukavuta, wanaume kwa wanawake, na jiwe likainuka kidogo tu, shibiri moja, na shibiri moja ilitosha.

Walipotolewa wawili hao, Sultani ndiyo kwanza anafika na muhuri wake mkononi, na mawaziri nyuma yake. Akaiona kamba yenye mafundo thelathini na saba, akauliza, "Nani amewapa ruhusa?"

Watu wakangoja kufungwa. Shufaa akajibu akiwa amelazwa chini, "Maulana, hapakuwa na nafasi ya kuuliza."

Sultani akaitazama pete yake. "Kaimunu, mbona hukwenda?"

Sauti ya jini ikatoka kasrini, "Uliniogopa, Maulana, ukanifunga barabara. Na hawa ukawapenda, ukawafunga vile vile."

Sultani Shamsudini akakaa juu ya ule mchanga wa kisima na joho lake, akalia kwa mara ya pili mbele ya mtaa ule. Alipoinuka alifuta marufuku yake, akamwachia jini kazi ya kuzuia bahari isiumeze mji, maana hiyo kweli haina mtu wa kuiweza, na visima, na moto, na mawe akawarudishia wenyewe. Mahfudhi akamfanya mkuu wa mafundi wa visima, akampa nyumba ya ghorofa na shamba la mikarafuu, na harusi ikaliwa siku saba, na kasuku akaimba sauti za wageni wote.

Na mafunzo ya hekaya hii ni kwamba mtawala hata awe na huruma namna gani, na jini hata awe na mikono mingapi, wako mbali, na aliye karibu na kisima ni wewe. Kitanda cha maharusi kiliwambwa kwa kamba ile ile, na tangu siku hiyo mafundi wa Rasi Marijani huwamba vitanda kwa kamba moja ndefu yenye fundo moja tu kwenye mguu wa kitanda, fundo ambalo hata aliyeshikwa na hofu hulifungua kwa mkono mmoja.