Chemchemi ya Sultani na Kisanduku cha Wasomaji

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, ni zile tu ambazo simu zilikwisha kuwa za kupangusa na masultani walikwisha kuwa na blogu, palikuwa na fundi mmoja katika mji wa Tumbawe, jina lake Ngwali. Kazi yake ilikuwa kuziba ndoo. Alipasha kisu moto, akayeyusha plastiki, akaziba ufa, na mwenye ndoo akashukuru akaenda zake, maana wateja wake wengi walikuwa wa kushukuru tu. Basi Ngwali hakuwa na kitu, ila alikuwa na habari. Kila ndoo iliyofika kibandani ilifika na mwenyewe, na kila mwenyewe alijua ni bomba lipi limetoa maji asubuhi ile na lipi limekauka.

Ikawa wanawake wa Mtaa wa Chini, wakiongozwa na Bi Mize, mwenye wajukuu sita na ulimi usiolala, wakamwendea wakamwambia, "Ngwali, wewe kalamu unaijua. Tuandikie mabomba yanayotoka, tusizunguke mji mzima na ndoo tupu."

Siku zile kila aliyetaka kuandika aliandika katika Diwani Tukufu, jukwaa la blogu la dola, alilolibuni Waziri Shekue mwenyewe. Lilikuwa zuri kulitazama na la kuudhi kulitumia. Ukitaka kuandika neno moja, kwanza uliulizwa neno la siri, kisha rangi ya pambizo, kisha aina ya nakshi, kisha ukoo wako, kisha uliulizwa neno la siri tena kwa kuwa umekawia kujibu. Ngwali alianza alfajiri kuandika kwamba bomba la sokoni linatoka, na habari ikachapishwa alasiri, bomba limekwisha kukauka tangu saa tatu. Bi Mize akaenda na ndoo zake mbili, akakuta bomba linatoa upepo. Aliyomwambia Ngwali siku hiyo, mimi nina haya kuyaandika.

Basi Ngwali akahama. Alisikia kuna jukwaa dogo liitwalo Karatasi, lisilo na nakshi wala pambizo, ila uwanja mweupe na kitufe kimoja. Unaandika, unabonyeza, kazi imekwisha. Akalipenda mno, hata kila Jumatano wenye Karatasi walipotangaza mapya waliyoyaongeza, yeye aliyasoma kwa sauti kibandani, vile wenzake walivyosoma matokeo ya mpira. Mara picha zimewezekana, mara herufi zimekuzwa kwa ajili ya wenye macho mabovu, naye akafurahi kana kwamba amezaliwa mtoto. Mtaa wote ukahamia huko kusoma, na Diwani Tukufu ikabaki na msomaji mmoja, naye ni Sultani.

Waziri Shekue akapeleka maneno, na Jumatatu Ngwali akaitwa kasrini.

Sultani Masudi alikuwa mtu mwema aliyesifiwa kupita kiasi, na sifa zilikuwa zimemchosha bila mwenyewe kujua. Ndani ya ua wa kasri alijenga chemchemi ya marumaru yenye midomo saba, na tangu hapo ameandika makala kumi na saba katika blogu yake, zote juu ya chemchemi hiyo.

"Umeiacha Diwani yangu," akasema. "Umeiona na kasoro gani?"

"Haina kasoro, Mtukufu," akajibu Ngwali. "Ina vitufe arobaini na kimoja. Mimi nina kidole kimoja kizima, vingine vimeungua kazini."

Sultani alitaka kucheka, lakini Waziri alikuwa amekunja uso, naye akajizuia. Akasema kwa unyonge, "Kila asubuhi naifungua blogu yangu, nakuta niliyoyaandika jana. Nayajua tayari. Haya, kama hiyo Karatasi yako ni bora, nionyeshe. Nataka maandishi yanihusuyo mimi, na kila nifunguapo niyakute mapya. Nisiyaandike mimi, wala makatibu wangu."

"Wala fundi huyu," akaongeza Waziri upesi, "wala mtu aliyemwajiri."

"Wala hao. Nakupa mpaka Ijumaa baada ya sala. Ukishindwa, utaufunga ukurasa wako, wala hutaandika tena katika mji huu."

Ngwali akarudi kibandani. Aliogopa kweli. Yeye mwenyewe angeendelea na kisu chake, lakini nani angemwambia Bi Mize ashike njia ipi asubuhi? Jumanne nzima akaziba ndoo vibaya, mbili zikarudishwa.

Jumatano akafungua simu kutazama mapya ya Karatasi, kwa mazoea tu. Yalikuwa mistari miwili: kuanzia leo, chini ya kila andiko pana kisanduku, na msomaji yeyote aweza kuandika humo maoni yake. Ngwali akayasoma mara moja kwa sauti, mara ya pili kimya, kisha akarudi kwenye ndoo zake akipiga mluzi.

Ijumaa akahudhuria kasrini. Akamwomba Sultani aichukue makala yake moja ya chemchemi, ile aipendayo zaidi, aiweke katika Karatasi kwa kidole chake mwenyewe. Sultani akabonyeza, makala ikatoka. "Imekwisha?" akauliza. Akaambiwa imekwisha. Akaitazama simu kwa mashaka, maana hakuna aliyemuuliza ukoo wake.

"Lakini haya nimeyaandika mimi," akasema.

"Ndiyo, Mtukufu. Nawe usome yaliyo chini yake."

Asubuhi ile Ngwali alikuwa amewaambia wasomaji wake jambo moja tu, kwamba Mtukufu naye anahamia Karatasi leo. Basi Sultani akasoma. La kwanza lilisema, "Mashallah, chemchemi nzuri." Akatabasamu. Akafungua tena, akakuta jipya, "Inatoka saa ngapi? Nije na ndoo." Akafungua tena. "Mtaa wa Chini leo mwezi wa tatu hatujaona tone." Akafungua tena, na hili lilikuwa la Bi Mize: "Mtukufu, midomo saba mchana kutwa? Mimi wajukuu sita nimewaogesha kwa kikombe."

Waziri akasogea akasema yafutwe mara moja. Ngwali akainama kwa adabu. "Kitufe cha kufuta kipo, Mtukufu, ni hiki hapa. Ila ukiyafuta, utabaki na yale uliyoyajua tayari."

Sultani hakukibonyeza. Uso wake ulikuwa umemwiva kwa aibu. Akauliza taratibu, "Shekue, maji ya chemchemi yangu yanatoka wapi?"

"Bombani, Mtukufu."

"Bomba lipi?"

Waziri akatazama viatu vyake. "Lile lililokuwa likienda Mtaa wa Chini."

Ikasikika midomo saba ikitiririka uani. Kisha Sultani akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyejikuta amevaa kanzu nje ndani tangu asubuhi. Akaamuru chemchemi ifungwe siku ile ile, na Diwani Tukufu ifungwe pamoja nayo. Akataka kumvika Ngwali joho na kumfanya mkuu wa maandishi ya dola. Ngwali akashukuru, akasema kazi anayo, ila Mtukufu akipenda, achukue zamu ya kuandika mabomba, kwani mafundi wa mabomba ni wake.

Basi Sultani akawa anaandika kila alfajiri, naye akaipenda kazi kuliko alivyoipenda chemchemi. Siku moja akaandika, kwa fahari, "Bomba la Mtaa wa Chini linatoka." Hakuwahi kuiweka simu chini, kisanduku kikaleta neno.

"Bado," aliandika Bi Mize. "Nimesimama hapa."

Sultani akavaa viatu, akamwita Waziri, akamwambia achukue ndoo.