Kuni za Halali

Mama mmoja alikuwa na mgongo unaouma. Aliitwa Nakiete, mjane, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, pale ambapo migomba inaishia na vigingi vya mpaka wa msitu wa mlimani vinaanzia. Mgongo ule haukuwa na ugonjwa. Ulikuwa na kuni. Miaka thelathini ya kupanda na kushuka na mzigo kichwani. Hata chuma huchoka, sembuse mtu.

Msitu ulikuwa na sheria, na sheria ilikuwa nzuri. Siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kina mama waliruhusiwa kuingia kuokota kuni zilizokufa. Kuangusha mti mbichi kulikatazwa. Kama mti mzima umekauka, unamwonyesha kwanza askari wa msitu, naye akiruhusu ndipo shoka linaingia. Askari huyo aliitwa Kiangi. Alikuwa mtu mwema. Nasema mapema, ili msikae hapo mkimtafuta mbaya wa hadithi hii. Hayumo.

Shida ni kwamba mti haufi kwa sababu wewe una haraka. Watu waliongezeka, na miti ikaendelea kufa kwa wakati wake. Mwaka hadi mwaka Nakiete alipanda juu zaidi, mpaka akawa anavuka vilima viwili kabla ya kuokota kijiti cha kwanza. Ijumaa moja aliketi chini ya mti wa mshai karibu na mpaka, akashindwa kuinuka. Akalia. Hakuwa na huzuni. Ni ule uchovu ambao machozi hutoka yenyewe kama jasho, mnaujua. Juu yake mbega walikuwa wakila majani, hawana habari naye. Ndani ya khanga alikuwa na kisu chake cha kumenyea ndizi. Akakitoa, akabandua gome la mshai kuzunguka shina lote, mkanda mpana kama kiganja. Hakukata hata tawi. Alipomaliza akapaka udongo pale palipokuwa peupe, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mti uliofanyiwa hivyo haupigi kelele. Unakaa msimu mzima ukifa, na majani ya kileleni ndiyo ya mwisho kupata habari.

Ulipokauka, Nakiete akamwita Kiangi. Mvua ilikuwa imekwisha kuosha ule udongo. Kiangi akauona mkanda, akamtazama mama, akautazama tena mkanda. Miaka ishirini alikuwa amewakimbiza wapasua mbao usiku na mchana, magoti yamekwisha, na leo aliyesimama mbele yake ni mjane aliyepinda mgongo. Akashusha pumzi.

"Mti mkavu ni mkavu, mama," akasema. "Sheria haikunituma niulize umekufa kwa nini."

Basi Nakiete akapata kuni za halali, hatua chache tu kutoka mlangoni kwake. Mgongo ukapumzika. Jamani, tusimwonee: alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu ujana wake. Wala hakumwambia mtu. Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Jumanne iliyofuata jirani alimwamkia akitabasamu, na ndani ya khanga ya jirani kulikuwa na kisu. Baada ya miaka michache kila nyumba ilikuwa na mti wake unaokauka taratibu karibu na njia. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kijiji kizima kilifunika kombe. Na hakuna aliyevunja sheria, maana hakuna mti mbichi ulioangushwa. Wageni walitoka mjini wakatusifu kwa kushika sheria ya msitu. Walitupigia makofi, nasi tukawapigia wao.

Ndiyo, nimesema nasi. Mlidhani mimi napikia nini?

Mbega wakahamia juu. Walioshindwa kuhama walishuka kwenye migomba, wakapigwa mawe. Ndege hondohondo nao waliacha kutuamsha alfajiri na makelele yao, na watu wakasema afadhali. Halafu chemchemi ikaanza kupungua. Chemchemi hiyo ilikuwa karibu na nyumba ya Nakiete, chini ya mshai mmoja mkubwa kuliko yote, ambao kwa aibu hakuna aliyeugusa. Zamani ndoo ilijaa kabla hamjamaliza kusalimiana. Sasa unaikinga, unakaa, unasinzia, unaamka, haijajaa. Maji mengine yalikuwa mtoni, chini kabisa bondeni, na kupanda kutoka kule na ndoo ni kazi ya mgongo mzima. Nakiete alijua kabisa: chemchemi ikikauka, yeye amekwisha.

Asubuhi moja alifika na ndoo yake, akamkuta bi harusi mpya wa kijiji, msichana anayeitwa Namsifu, amepiga magoti kwenye mizizi ya ule mshai mkubwa. Mkanda ulikuwa umezunguka nusu ya shina. Nusu nyingine ilikuwa bado mbichi, na mti uliobanduliwa nusu huweza kupona.

Maneno yalimjaa Nakiete kinywani. Acha! Unatuua! Lakini Namsifu aligeuka, akamwona, akatabasamu kwa upendo kabisa, kama binti aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama. Usihangaike tena na mgongo wako. Huu ukikauka, fungu la kwanza ni lako."

Nakiete akasimama. Angemwambia nini? Kwamba ni vibaya? Msichana angemuuliza, "Nami nimejifunza kwa nani?" Kulikuwa na njia moja tu ya kumzuia, nayo ni kusema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyeanza, nami nilikosea." Maneno machache tu. Alikuwa na asubuhi nzima ya kuyasema, na maji yenyewe hayakuwa na haraka.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mungu akuzidishie."

Akakinga ndoo. Nyuma yake kisu kikaendelea. Kabla ya masika ya mwaka uliofuata, pale pa chemchemi palikuwa na tope ambalo nyuki walikuja kunywa, kisha hata nyuki wakaacha. Nakiete alishuka mtoni mara mbili. Mara ya tatu waliompandisha ni wanaume wanne.

Sikuja kuwafundisha habari za miti. Wako wanaolipwa kwa kazi hiyo, nao wamechoka kama mimi. Nawauliza jambo moja, kisha mwende nyumbani. Wewe uliyekaa hapo na mikono safi, ambaye hujawahi kukata kilicho hai: ni kitu gani unachokisubiri kikauke?